Bao Ambalo Dadangu Hakuliona



Kila mwaka wahariri wa jarida letu hunijia na ombi lile lile: "Mwalimu, tuandikie jambo." Kila mwaka huwapa makala juu ya ngeli au juu ya matumizi ya methali, nao huyachapisha kwa heshima, wala sina hakika kwamba kuna aliyewahi kuyasoma hadi mwisho. Mwaka huu nimeamua kuwapa kitu kingine. Sababu yake ni swali nililoulizwa darasani.

Tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu kilichotaja runinga za zamani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akainua mkono. "Mwalimu, kama haikuwa na rimoti, mlikuwa mnabadilishaje steshini?" Nikamjibu kwamba steshini yenyewe ilikuwa moja, kwa hivyo hapakuwa na cha kubadilisha. Darasa likaangua kicheko. Nikaendelea: "Na rimoti tulikuwa nayo. Rimoti ilikuwa dadangu." Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka, lakini nilipofika nyumbani jioni sikuwa na raha. Maneno yale yana kisa nyuma yake, na si kisa cha kuchekesha chote. Ndicho nitakachowasimulia.

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sisi nyumbani tulikipata kinyemi na kidonda kwa siku moja.

Kwetu ni Werugha, huku juu katika milima ya Taita. Atokaye Voi hupita Mwatate, akapanda zile kona za kwenda Wundanyi mpaka masikio yazibe, kisha akapanda tena. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hushuka hadi mlangoni, na ng'ombe hupumua moshi utadhani wanavuta sigara. Kilele cha Vuria, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote milimani kwetu, kwa kiasi cha mita 2,200, leo kina milingoti ya mawasiliano imesimama kama miiba mgongoni mwa nungunungu. Mtoto aliyezaliwa juzi akiitazama hudhani ilikuwapo tangu kuumbwa kwa mlima. La hasha!

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka wa 1964 utangazaji ukachukuliwa na serikali, shirika likaitwa Sauti ya Kenya, ambalo wazee wetu walilijua kwa herufi tatu tu: VOK. Picha za rangi zilianza mwaka wa 1978. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wametutangulia kwa jambo hilo, kwani wao walianza na rangi moja kwa moja, mapema katika miaka ya sabini, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila televisheni yake hadi mwaka wa 1994. Mwaka wa 1989 VOK likageuka tena kuwa KBC. Hayo yote kwetu Werugha yalikuwa habari za kusikia. Televisheni ilikuwa kitu cha Nairobi na Mombasa, kama lifti.

Aliyeileta nyumbani ni babangu. Alikuwa akifanya kazi ya reli pale Voi, na jioni baada ya kazi alizoea kuingia hoteli moja mjini iliyokuwa na televisheni juu ya kabati, imefungiwa ndani ya wavu wa chuma kama kuku. Akija nyumbani mwisho wa mwezi alitusimulia vipindi huku akiigiza. Tulimjua Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi kutoka mdomoni mwa Baba kabla hatujawaona kwa macho, na nilipokuja kuwaona nilihisi kwamba Baba aliwaigiza vizuri kuliko wao wenyewe.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1989 dadangu alifanya mtihani wa darasa la nane, KCPE. Mimi nilikuwa katika darasa la tatu. Alipita vizuri, akaitwa katika shule ya wasichana ya bweni. Barua ilipokuja, Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Karo ilikuwa itoke kwa ng'ombe wetu wa maziwa. Baba akamtoa zizini asubuhi moja ya Januari, akashuka naye. Dadangu alikwisha kuanza kupanga sanduku lake la bati.

Siku ya tatu Baba alirudi kwa matatu. Juu ya keria palikuwa na katoni kubwa iliyofungwa kwa kamba za mkonge, na kando yake betri ya gari. Watoto wa mtaa mzima walimsindikiza kama bwana arusi. Akafungua katoni mezani: televisheni ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, aliyoinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa akihama.

Mama hakupiga kelele. Alishika mwimo wa mlango, akauliza jambo moja tu: "Na mtoto je?"

"Itajilipa yenyewe," Baba akasema. "Ng'ombe ukimla karo ameisha kwa muhula mmoja. Hii itazaa. Mwezi wa Juni kuna Kombe la Dunia. Kijiji kizima kitakuja hapa, kila mtu shilingi mbili. Muhula wa tatu atakuwa shuleni, na mwaka ujao karo iko."

Msomaji, sitaki umwone Baba kuwa mtu mbaya. Hesabu yake ilikuwa na akili ndani yake, na wako waliotajirika kwa hesabu kama hiyo. Alisahau jambo moja tu, kwamba sisi ni watu wa kijiji. Usiku wa kwanza waliingia shemeji zake, akaingia katekista, akaingia mzee aliyempelekea posa alipokuwa akimwoa Mama. Utamdai shilingi mbili mzee aliyekuposea mke? Waliolipa ni watoto na wapita njia, na senti zao zote zilimezwa na betri.

Kwa maana betri ile ilikuwa na tumbo! Umeme haukuwa umefika kwetu. Televisheni zile ndogo ziliweza kutumia betri ya gari ya volti 12, na ikiisha ilibidi ipelekwe Wundanyi ikachajiwe, ilale huko, irudi kesho yake. Mara nyingi mpelekaji alikuwa dadangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani. Aliibeba kichwani juu ya leso iliyokunjwa. Maji ya betri ni asidi, na betri ikiinama kidogo humwagika. Leso ile ya Mama ilitoboka matundu kila mahali, na mwisho ukiiinua mbele ya jua unaona nyota.

Kazi ya pili ya dadangu ilikuwa eriali. Hapa vijana wa leo mnahitaji kufafanuliwa. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka, kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama njiani huyakinga, au huyarudisha upande kama ukuta unavyorudisha mpira. Yanayorudi hufika kwenye eriali yamechelewa kidogo, na ndiyo maana kwetu milimani kila mtangazaji alikuwa na pacha wake hafifu amesimama begani pake. Basi eriali ilifungwa juu ya mti mrefu wa mkalitusi nyuma ya nyumba, na ule mti ukawa unazungushwa taratibu hadi ipatikane njia ya mawimbi kati ya mlima na mlima. Mmoja alikuwa nje akizungusha, mwingine dirishani akipokea habari, wengine wote ndani wakiamuru.

"Sasa?"

"Bado! Chenga tupu!"

"Sasa je?"

"Imekuja! Umepita! Rudisha, rudisha kidogo... hapo hapo! Usiachilie!"

Neno hilo, usiachilie, lilikuwa na maana yake. Mwili wa mtu nao huathiri mawimbi. Jioni nyingi picha ilitulia wakati dadangu ameushika mti ule na waya wake, na alipouachilia tu ikajaa chenga kama mtu amemwaga mchele kiooni. Basi aliambiwa asimame pale pale. Alikuwa sehemu ya mtambo. Ndipo nikasema kwamba rimoti ilikuwa dadangu, ingawa rimoti nyingine mtu huishika mkononi akiwa ameketi kwenye joto.

Ndani mambo yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Baba alikuwa amenunua karatasi ya plastiki ya rangi, inayobandikwa mbele ya kioo ili kuifanya televisheni nyeusi na nyeupe ionekane kama ya rangi: juu buluu, katikati manjano, chini kijani. Kila msomaji wa taarifa ya habari alikuwa na nywele za buluu na kifua cha kijani. Kile kirungu cha kuwashia kilivunjika mapema, tukawa tunawasha kwa koleo. Saa moja jioni ilikuwa taarifa ya habari kwa Kiswahili, na nyumba nzima hunyamaza. Kiswahili ninachowafundisha leo, nusu yake nilikiokota sakafuni pale, nimekunja miguu mbele ya kioo.

Ikafika tarehe 8 Juni 1990, siku ya kufunguliwa Kombe la Dunia mjini Milan, Italia. Ajentina, mabingwa wa 1986, wakiwa na Maradona wao, walikuwa wakicheza na Kameruni. Mpira ulianza saa moja jioni kwa saa zetu. Ukungu ulikuwa mzito hata huoni jikoni ukiwa sebuleni. Nyumba ilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia ya mahindi. Dadangu alikuwa nje, amejifunika gunia kichwani, ameushika mti.

Kameruni walitolewa mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Ikafika dakika ya 67. Mpira ulipigwa juu, na François Omam-Biyik akaruka. Mpaka leo naona kama hakushuka. Akaupiga kwa kichwa, ukaenda, ukaingia.

Ndugu zangu, nyumba ile ilipasuka. Katekista alimkumbatia mlevi. Mtu alikanyaga sufuria ya chai. Mimi nilibebwa juu na mtu ambaye hadi leo simjui. Na katikati ya zogo lile nikasikia sauti ya dadangu kutoka nje, kupitia dirishani: "Nini? Kuna nini? Nani kafunga?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilimsikia, na mimi sikumjibu. Picha ikatikisika kidogo, bila shaka kwa kuwa alikuwa akijaribu kuchungulia, na Baba akapaza sauti: "Usiachilie!"

Waliporudia bao lile tuliliona safi kabisa, kwa sababu hakuwa ameachilia.

Kameruni walimaliza wakiwa wachezaji tisa, na wakashinda bao moja kwa bila. Tarehe 1 Julai walicheza na Uingereza katika robo fainali, saa nne usiku kwetu. Wakiwa mbele kwa mabao mawili kwa moja, Waingereza wakasawazisha kwa penalti, mchezo ukaingia muda wa ziada. Betri haikuwa na habari za muda wa ziada. Picha ikaanza kusinyaa kutoka kandoni, kama nguo ya sufi iliyooshwa kwa maji moto, ikawa ndogo kama daftari, kama sanduku la kibiriti, kisha nukta moja nyeupe katikati, kisha giza. Tulilala tukiwa mbili kwa mbili. Asubuhi redio ikatuambia tumefungwa tatu kwa mbili.

Kombe likaisha. Baba alipohesabu zile senti katika kopo la kahawa, hazikutosha hata sare ya shule. Muhula wa tatu ulifika na kupita. Nafasi ya dadangu katika ile shule ya bweni ikachukuliwa na mwingine. Mwaka mzima wa 1990 alikuwa nyumbani, asubuhi shambani na Mama, jioni kwenye mti. Kabichi za mwaka huo, zilizoteremshwa Mombasa kama mboga nyingi za kwetu, ndizo zilizomwingiza kidato cha kwanza mwaka wa 1991. Ilikuwa shule ya kutwa, naye yuko mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mama ndiye aliyelipa. Barua ya kwanza ilibaki ndani ya Biblia.

Dadangu alisoma, akamaliza, na leo ni mwalimu wa watoto wadogo mjini Voi. Usiniambie basi mambo yaliishia vizuri. Yaliishia vizuri kwa sababu ya kabichi. Jambo lile halikuzungumzwa nyumbani, na mtu akilikaribia, mwingine huuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Runinga yenyewe iliendelea kubadilika bila kutungoja. Karibu mwaka wa 1993 jirani mmoja mwenye kazi Mombasa alileta mtambo wa video na jenereta. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba picha iliyopita yaweza kurudishwa nyuma. Mtu aliyeanguka aliinuka, akarudi kinyumenyume hadi alipotoka. Nilimuuliza mwenye video kama anaweza kuturudishia mechi ya Kameruni. Akacheka, akasema hurudishwa kile tu kilichonaswa kwenye kanda, na mechi ile hakuna aliyeinasa kijijini.

Umeme ulifika nyumbani kwetu mwaka wa 2001. Baba akanunua runinga ya rangi ya inchi 21, nzito kama jiwe la kusagia, kwa sababu kioo cha zamani kilikuwa chupa kubwa ya kioo kinene isiyo na hewa ndani, yenye mtambo nyuma unaorusha chembe za umeme zikapige uso wa kioo uwake. Ndiyo maana runinga za zamani zilikuwa na mgongo. Tulipoiwasha, Baba alishangaa kwamba nyasi ni kijani peke yake bila karatasi ya plastiki. Ndani ya runinga hiyo tuliwaona Senegali wakiwafunga Ufaransa, mabingwa wa dunia, tarehe 31 Mei 2002, mchana peupe.

Steshini nazo zikaongezeka. KTN ilikuwa imeanza Nairobi mwaka wa 1990, na kabla ya karne kwisha zikaja nyingine za kibinafsi, ambazo zilitufikia milimani moja baada ya nyingine. Hapo ugomvi mpya ukazaliwa nyumbani, kwa maana penye steshini moja hakuna ugomvi wa steshini. Zikaja sidii na dividii, ambazo ziliondoa kanda. Tulipowaona Ghana wakikosa penalti ya mwisho dhidi ya Uruguay, tarehe 2 Julai 2010, tulikuwa watu sita sebuleni. Majirani hawakuja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake.

Kisha ukaja mwaka wa 2015, mwaka wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Mataifa yalikuwa yamekubaliana kwamba mwisho ni tarehe 17 Juni 2015, na Kenya ilizima mitambo ya zamani kwa zamu, ikianzia Nairobi. Mtakumbuka wakubwa kwamba mwezi wa Februari mwaka huo steshini kadhaa kubwa zilitoweka hewani kwa muda wa karibu wiki tatu kwa ajili ya mzozo wa jambo hilo. Faida ya dijitali ni kwamba masafa yaliyobeba steshini moja sasa yanaweza kubeba nyingi, na picha ni safi. Lakini ina tabia moja ambayo sikuizoea. Analojia ilikuwa mvumilivu. Mawimbi yakipungua ilikupa nusu: chenga kidogo, pacha begani, sauti bila picha. Dijitali hukupa yote au hukunyima yote. Ukungu ulikuwa haumshindi mtu aliyesimama nje akashika mti, lakini leo yakikatika kinachokuja ni maandishi tu: hakuna mawimbi. Huna la kufanya ila kungoja.

Baba alikataa kununua king'amuzi. "Sinunui runinga mara mbili," alisema. "Mimi nilishalipa ng'ombe mzima kwa ajili ya mambo haya."

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso. "Si ng'ombe peke yake," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza, tangu Januari ya 1990, niliyosikia jambo lile likitajwa nyumbani. Baba alitoka nje. Kesho yake alishuka Wundanyi akarudi na king'amuzi.

Nafika sasa mwisho wa kisa. Tarehe 10 Desemba 2022 ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa, na dadangu alikuwa amekuja nyumbani kutoka Voi pamoja na mwanawe aliye chuo kikuu. Runinga ya nyumbani siku hizi ni ile bapa ya inchi 43, imetundikwa ukutani kama kalenda, na inashika intaneti. Dadangu ndiye aliyewanunulia wazee. Mwenyewe huwa haiangalii. Tangu utoto wangu akiulizwa husema, "Mimi ni mtu wa redio." Siku hiyo alikuwa jikoni na Mama.

Moroko walikuwa wakicheza na Ureno kule Qatar. Ilipofika dakika ya 42 mpira ukapigwa juu, na Youssef En-Nesyri akaruka, akaruka kuliko kipa mwenye mikono, akaupiga kwa kichwa ukaingia. Tulipiga kelele, hata dadangu akaja mlangoni na mwiko mkononi.

Baba, ambaye sasa amepita miaka themanini, alikuwa amesimama kwa mkongojo. "Kama lile la Kameruni!" akasema. "Kichwa hivyo hivyo! Unakumbuka?" Alikuwa akimwuliza dadangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yake.

"Mimi sikuliona, Baba."

"Hukuliona? Si ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa nje," akasema dadangu. "Nilikuwa nimeshika mti."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekuambia tarehe yake ya kuzaliwa. Baba akaketi. Nikajua, kwa jinsi alivyoketi, kwamba kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akilikumbuka bao lile pamoja na watu wote wa nyumba yake, na katika kumbukumbu yake dadangu alikuwa ndani pamoja nasi.

Mpwa wangu hakusema kitu. Mpira ulipokwisha, Moroko wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, alichukua rimoti, akaandika maneno machache. Haikupita hata dakika moja. Ukutani ikatokea Milan ya mwaka wa 1990, kwa rangi ambazo sisi hatukuziona siku ile: Kameruni wamevaa kijani. "Mama, njoo," akamwita mamake.

Dadangu alisimama, kisha akaketi kwenye kiti kilicho karibu na Baba. Mpira ukapigwa. Omam-Biyik akaruka, akaupiga, nao ukaenda polepole, kipa akaufikia, ukamponyoka mikononi, ukajiburura ndani.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo."

"Kumbe lilikuwa dogo hivi." Akatazama tena. "Kumbe kipa ndiye aliyeachilia."

Hakuna aliyecheka. Baba aliendelea kutazama ukuta. "Nilikukosea, mwanangu," akasema. "Si kwa bao. Kwa ule mwaka."

Dadangu alikaa kimya kitambo, mwiko bado uko mkononi. "Najua si kwa bao, Baba," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe: "Hebu rudisha tena nione."

Akarudisha. Tuliliona mara nne au tano. Mwaka wenyewe hakuna rimoti ya kuurudisha, na hilo kila mmoja pale alilijua, lakini lilikuwa limetamkwa mbele ya wote na Mama alikuwa amelisikia. Usiku ule walikula pamoja, Baba na dadangu, kutoka sinia moja.

Wanafunzi wangu, mtaona mengine makubwa kuliko niliyoyaona mimi. Kioo kitakuwa chembamba kama karatasi, labda kitakuwa hewa tupu. Siwakatazi kukifurahia, na mimi mwenyewe hukaa mbele yake hadi usiku. Ila nawaomba jambo moja. Kila kinyemi kipya kinapoingia nyumbani kwenu, ulizeni kimelipiwa na nani, na kama kuna mtu aliyeachwa nje ashike mti, tokeni mkampokee. Na akiuliza nani kafunga, mjibuni.

Wassalaam.

Mlezi wa Chama